Chuma Ndani ya Kinundu cha Harage

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Machi, miteremko ya Umatengo, kusini mwa Tanzania, hufyekwa. Nyasi huachwa zinyauke, kisha wanaume huzipanga kwa mistari inayokatana mpaka shamba zima linagawanyika vyumba vya mraba. Baada ya hapo ni zamu ya wanawake na majembe: udongo wa katikati ya kila chumba huchimbwa na kumwagwa juu ya nyasi. Panapochimbwa hubaki shimo, na pande zote nne huinuka matuta. Hiyo ndiyo ngolo. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani, waliofika Mbinga miaka ya 1990, waliisifia ngolo kwa kuzuia mmomonyoko. Sawa. Mimi kinachonishangaza zaidi ni ule utaratibu wa harage kutangulia. Nyasi zinapooza, vijidudu vinavyozila hunyonya naitrojeni ya udongo, na mahindi yakipandwa wakati huo yatageuka manjano. Harage lina mlango mwingine: huichukua naitrojeni hewani.

Fukua shina la harage linalotoa maua uangalie mizizi. Utaona vinundu, vingine vidogo kuliko punje ya mtama. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa kizima, ndani ni chekundu, na wekundu huo unatokana na chuma, vilevile kama wa damu yetu. Protini iitwayo leghemoglobini imekificha chuma hicho mfukoni mwake, atomi moja kwa kila molekuli, na oksijeni huja kukaa juu yake. Bakteria wa Rhizobium waliomo kwenye kinundu wanaihitaji oksijeni ili wapumue, lakini kimeng'enya chao cha kunasa naitrojeni huharibika kikiguswa nayo. Kwa hiyo chuma huidaka oksijeni, huwafikishia bakteria, na hakiachi ikazurura.

Ndani ya kimeng'enya chenyewe mna fundo la atomi 7 za chuma na 1 ya molibdeni, zilizoshikanishwa kwa salfa, na kaboni moja katikati. Hapo ndipo molekuli ya naitrojeni, ambayo atomi zake mbili zimeng'ang'aniana kupita kiasi, hukamatwa na hatimaye kuvunjwa ikawa amonia. Viwanda vya mbolea navyo hutumia chuma, ila kwa joto la nyuzi 400 na zaidi na mgandamizo mara 150 au hata 200 ya ule wa hewa. Harage hufanya hivyo kwenye udongo wa baridi wa Litembo, hukohuko Umatengo, na gharama hulipwa kwa sukari ya majani.

Ufundi wote uko katika kujua kushika na kuachia. Moshi wa jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua kwa sababu kaboni monoksidi hukishika chuma cha damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haibanduki upesi. Wanakemia wanaufanyia kazi mshiko huohuo kwa zeolaiti, madini yenye vijumba vidogo mno, yanayopatikana hata katika majivu ya kale ya volkano huko Olduvai. Ukiweka sodiamu ndani ya vijumba hivyo, naitrojeni hushikwa kwa wepesi tu, na mgandamizo ukipungua huondoka. Ndivyo mashine za hospitali zinavyomchujia mgonjwa oksijeni kutoka hewa ya kawaida. Ukiweka shaba, kaboni monoksidi hung'ang'ania hadi ipashwe moto.

Tusilipambe harage kupita kiasi. Kwa kunasa naitrojeni, kunde na soya hulishinda, na udongo wenye tindikali huibana molibdeni mizizi isiipate. Vinundu navyo huteseka maji yakituama. Hapa ngolo hulisaidia tena, maana maji hushukia shimoni na mizizi hubaki kwenye tuta lenye hewa.

Ukipanda kutoka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, kwenda Mbinga wakati maharage yanatoa maua, omba mwenye shamba akuonyeshe mche mmoja. Achimbue kwa jembe, asing'oe kwa mkono, kwa sababu vinundu hukatika vikabaki ardhini. Vikiwa vyekundu ndani, kazi inaendelea. Vikiwa vya kijani au kahawia, imekwisha.