Msikilizaji kama Mhakiki: Mashabiki wa Nyimbo za Filamu za Kihindi na Mahadhi ya Pwani

Neno "shabiki" hutumiwa na wataalamu wa fasihi kwa dharau kidogo. Shabiki hudhaniwa kuwa ni mtu wa kupenda tu, na kazi ya kupima na kupambanua huachiwa mhakiki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hausimami pindi mtu achunguzapo historia ya nyimbo za filamu za Kihindi, na kwamba kuushikilia kumewafanya wataalamu wa Kiswahili wazihukumu vibaya tungo kadhaa za pwani ya Kenya.

Inafaa kuanza Bara Hindi kwenyewe. Mwaka 1952, B. V. Keskar alishika Wizara ya Habari na Utangazaji ya India, na katika miaka kumi aliyoiongoza alifanya bidii ya kuirejesha redio ya taifa katika muziki wa jadi wa mabingwa. Nyimbo za filamu aliziona kuwa ni za kukopakopa, zenye ala za Kizungu na maneno mepesi, zisizolifaa taifa jipya. Pakazuka ugomvi na watengenezaji wa filamu juu ya haki za kuzirusha nyimbo hizo, na sauti ambazo watu wakiziimba njiani na majumbani zikaadimika katika redio yao wenyewe. Wasikilizaji hawakubishana na waziri. Waligeuza kishikizo cha redio tu, wakaitafuta Radio Ceylon ya Colombo, iliyokuwa na mitambo ya masafa mafupi yenye nguvu iliyotokana na Vita Vikuu vya Pili.

Desemba mwaka huohuo kikaanza kipindi cha Binaca Geetmala, kilichodhaminiwa na wauzaji wa dawa ya meno na kuongozwa na kijana aitwaye Ameen Sayani. Kipindi kilirekodiwa Bombay, kikapelekwa Colombo, kisha kikarushwa kuvuka bahari kurudi India kulikotoka. Hapana kejeli kubwa kuliko hiyo katika historia ya utangazaji. Kilidumu kwa sura mbalimbali hadi 1994, na kwa muda mwingi kiliziorodhesha nyimbo za filamu kwa daraja, daraja hizo zikitokana na mauzo ya sahani za santuri pamoja na kura za wasikilizaji waliojiunga katika vyama vyao mjini na vijijini.

Barua za wasikilizaji hao ndizo zinazostahili kutazamwa na mwanafunzi wa fasihi. Mji mdogo wa Jhumri Telaiya, ulioko katika eneo la machimbo ya ulanga ambalo zamani lilikuwa la jimbo la Bihar na tangu 2000 ni la Jharkhand, ulipata sifa nchi nzima kwa sababu moja tu: watu wake waliandika barua za kuomba nyimbo kwa wingi usio na kifani. Mtangazaji alisoma majina yao kabla ya wimbo, jina baada ya jina, hata wasikilizaji wa mbali wakadhani mji wenyewe ni wa kubuniwa. Msomaji wa Afrika Mashariki atautambua mara moja udugu wa desturi hii na zile kadi za salamu, ambamo orodha ya majina ya jamaa na marafiki hupewa uzito sawa na wimbo unaoifuata, na pengine kuuzidi.

Je, kadi yenye jina la wimbo, la filamu na la mwombaji yaweza kuitwa uhakiki? Peke yake haiwezi. Haina hoja wala ushahidi, na hakuna faida kuipamba kwa sifa isizokuwa nazo. Lakini kadi hizo hazikuwa peke yake. Zilisomwa mbele ya umma, zikaunga mkono au kupinga kadi nyingine, na kila juma zikatoa hukumu ambayo wasikilizaji waliijadili mpaka juma la pili. Fauka ya hayo, zilimlazimu mwandikaji kujua mambo ambayo mtazamaji wa kawaida hakuyahitaji. Katika filamu za Kihindi mwigizaji hufumbua kinywa tu. Anayeimba ni mwingine aliye nyuma ya pazia. Raj Kapoor alipoonekana akiimba katika Awara, filamu ya 1951, sauti ilikuwa ya Mukesh, maneno ni ya Shailendra au Hasrat Jaipuri, na muziki ni wa Shankar na Jaikishan. Shabiki ndiye aliyewatenganisha hawa wote katika kitu ambacho jicho liliona ni mtu mmoja. Kuitenganisha kazi ya sanaa katika viungo vyake na kumpa kila fundi haki yake ni hatua ya kwanza ya uhakiki wowote, na mashabiki waliipiga pasi na kufundishwa.

Suala la lugha nalo lilikuwa ndani ya ugomvi huu tangu mwanzo. Kihindi cha redio ya taifa kilielemea Kisanskriti, kikiyakwepa maneno yenye asili ya Kiajemi na Kiarabu. Sayani alisema Kihindustani chepesi cha sokoni na nyumbani, akiwaita kina dada kabla ya kina kaka, na watu wa lahaja mbalimbali walimwelewa. Lugha hiyo hakuiokota njiani. Mama yake, Kulsum Sayani, alihariri gazeti la watu wazima waliojifunza kusoma, Rahber, lililochapishwa kwa hati tatu: Devanagari, Kiurdu na Kigujarati, naye kijana alikua akisaidia katika kazi hiyo. Kwa hiyo lugha ambayo wakubwa waliiona ni ya mzaha wa kibiashara ilikuwa na shule nyuma yake, na shule hiyo ilikuwa na nia. Mtu wa Mvita anayeukumbuka uamuzi wa 1928, ambapo Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji, hahitaji kuelezwa zaidi jinsi lugha ya ofisi na lugha ya wimbo zinavyoweza kufuata njia mbili.

Serikali ilishindwa, nayo ilikiri kwa vitendo. Oktoba 1957 redio ya taifa ilianzisha idhaa nyepesi ya Vividh Bharati, na nyimbo za filamu zikarudi kwa mlango wa mbele.

Mchango wa mashabiki hauishii katika kura. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya 1931, imepotea. Hakuna nakala yake ijulikanayo. Hata hivyo nyimbo zake saba zinajulikana na zimeandikwa, kwa sababu kuna watu walioona kwamba jambo hilo lina thamani. Mkubwa wao ni Har Mandir Singh wa Kanpur, ajiitaye Hamraaz, ambaye kuanzia 1980 alichapisha majuzuu ya Hindi Film Geet Kosh, kamusi ya nyimbo za filamu muongo baada ya muongo: filamu, mwaka, mtunzi wa muziki, mshairi, mwimbaji. Kazi hii haikutoka katika idara ya chuo kikuu. Ni tunda la mapenzi na la barua, na leo mtafiti wa muziki wa India hawezi kupiga hatua bila ya kuirejea.

Hapa pia ndipo udhaifu wa ushabiki unapoonekana, wala haufai kufichwa. Mashabiki waliusikia wimbo, hawakuusikia muziki wote wa filamu. Sauti zinazopita chini ya mazungumzo, zinazomwandaa mtazamaji kwa hofu au huzuni, hazikuombwa na mtu kwa kadi. Wala hazikutajwa ipasavyo kazi za wapangaji wa ala na wapigaji, wengi wao Wagoa waliosoma muziki wa noti, kama Sebastian D'Souza aliyewapangia Shankar na Jaikishan kwa miaka mingi. Orodha zilimtukuza mwimbaji, zikamheshimu mtunzi, zikamkumbuka mshairi, na zaidi ya hapo zikanyamaza. Mhakiki anayetegemea sikio la shabiki hana budi kujua mahali sikio hilo linapokoma.

Filamu hizohizo zilipooneshwa katika kumbi za Mombasa na Unguja, zilipata mashabiki ambao wengi wao hawakujua Kihindi. Waliyapokea mahadhi kabla ya maana. Wengine waliikariri sauti ya maneno wasiyoyaelewa. Wengine, nao ndio wanaohusika hapa, walitunga maneno ya Kiswahili juu ya sauti hiyo au kwa ladha yake, na taarabu ya Mombasa ikapata tawi zima lenye ladha ya Kihindi. Aliyevuma kuliko wote ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, ambaye baadhi ya tungo alizoziimba zilitoka kwa nduguye, Ahmad Nassir, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita ya 1971.

Wataalamu wamezoea kuzigawa kazi za ndugu hawa mafungu mawili. Diwani hupewa nafasi darasani, ikahesabiwa mizani na kuchambuliwa vina. Wimbo wenye mahadhi ya filamu huitwa mwigo, ukaachwa sherehe za harusi. Shutuma ya mwigo ina ukweli ndani yake, kwani mahadhi kweli yalikopwa, na mara nyingine mkopaji hakutajwa deni. Lakini shutuma hiyo inasahau mambo mawili.

La kwanza ni kwamba katika jadi ya Waswahili mahadhi hayakuwa mali ya utungo mmoja. Utenzi mpya huimbwa kwa sauti ya tenzi zilizotangulia, na kasida moja huweza kusomwa kwa sauti kadhaa. Mshairi hutunga maneno, na mahadhi huyakuta yapo. La pili ni kwamba Bombay nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Katika filamu, aghalabu mtunzi wa muziki huanza, kisha mshairi huitwa aketi na kuijaza maneno sauti iliyo tayari. Shailendra na malenga wa Mvita walifanya kazi ya aina moja, kila mmoja kwa lugha yake. Ikiwa wa kwanza ni mshairi, ni vigumu kueleza kwa nini wa pili awe mwigaji.

Tena mkutano huu haukuwa wa bahati nasibu. Wimbo wa filamu huanza na mukhda, neno lenye maana ya uso, ambayo ni mishororo michache inayorudiwarudiwa. Hufuata beti ziitwazo antara, na mshororo wa mwisho wa antara mara nyingi huirudia kina ya mukhda ili kumwongoza msikilizaji nyumbani. Mswahili anaijua njia hiyo. Ni kazi ileile ya kina cha bahari kinachoshikilia shairi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na ya kibwagizo kinachongojewa na waitikiaji. Mashabiki wa Mombasa hawakuhitaji kuelewa Kihindi ili kutambua kwamba mlango huu wanaufahamu.

Penye ugumu ni katika mizani, na hapa sifa zinapaswa kupungua. Ushairi wa Kihindi hupima urefu: silabi fupi ni kipimo kimoja, ndefu ni viwili. Ushairi wa Kiswahili huhesabu silabi bila ya kujali urefu, na lugha yenyewe huuweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ya filamu, iliyoshonwa kwa vipimo vya kwanza, huvutwa pale inapotaka yenyewe. Uchukuliwe mfano wa kubuni tu, "barabara ya Malindi", mizani minane kamili isiyo na kosa katika karatasi. Sauti ikivutwa katika silabi ya tatu, msikilizaji anaiona njia. Ikivutwa katika silabi ya pili, neno linageuka kuwa lile lenye maana ya sawasawa, na njia ya Malindi imepotea kabla safari haijaanza. Mtungaji asiye na sikio huyaacha mambo hapo, na nyimbo za namna hiyo ni nyingi. Mtungaji mwenye sikio hulibadili neno, au huliahirisha kwa kutanguliza kihisishi kifupi kinachoweza kuvutwa bila ya kuumia, au huingiza neno la Kimvita ambalo urefu wake unaridhiana na sauti. Uamuzi huu wote hauonekani katika diwani, kwa kuwa diwani haina sauti. Kwa hiyo anayehesabu mizani kwa macho anaupima nusu ya ustadi wa mshairi huyu, na anaweza kumsifu yule aliyeshindwa.

Wako wazee wa Mombasa ambao, ala zikianza tu, hukutajia filamu ambako sauti imetoka, na wakati mwingine hata ukumbi walikoiona. Kazi kama ya Hamraaz kwa nyimbo za pwani ingeanzia kwao. Ingehitaji safu za kawaida, yaani mwimbaji, mshairi, mwaka, filamu iliyokopwa, na mtunzi wake wa Bombay. Tena ingehitaji safu moja ambayo Hamraaz hakuihitaji, ya kuandikia lile neno la Kiswahili ambalo sauti ililivuta mahali pasipo pake, na alivyofanya malenga kulinusuru.