Picha za Waanzilishi Darajani: Neno Juu ya Sanaa ya Hadhara Simiyu

Katika Marekani ipo miji iliyokuzwa na reli ambayo hupamba madaraja yake ya reli kwa picha za waanzilishi: mkulima na plau yake, fundi wa reli na nyundo yake, mama aketiye garini na wanawe. Wanafunzi wangu wawili watatu waliotoka Simiyu wameniuliza kwa nini sanaa ya namna hiyo isifanywe kwao. Swali lao ni jema. Mkoa wao ulikatwa katika Shinyanga mwaka 2012, na mkoa mchanga hutamani sura ya kale. Tena reli wanayo. Njia mpya ya Mwanza mpaka Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2021, yapita Malampaka wilayani Maswa, kama ilivyopita ile ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928. (Bariadi, makao makuu ya mkoa, haina reli, garimoshi hulijua kwa masimulizi na safari.)

Lakini kabla ya rangi kupakwa hapana budi tuulize: mwanzilishi ni nani? Picha za Marekani hujibu upesi, na jibu lao lina kasoro kubwa. Humwonyesha mgeni akifika katika nchi tupu, ilhali nchi ile haikuwa tupu, wenyewe walikuwamo. Tukiiga mfano huo Malampaka, mwanzilishi atakuwa mhandisi wa mwaka 1928, na Msukuma atachorwa kandoni akiduwaa.

Usukuma una jibu lake, nalo limehifadhiwa katika neno moja. Mtawala wa kale aliitwa ntemi, na wataalamu wengi hulirudisha jina hilo kwenye kitenzi kutema, ambacho hata Kiswahili kinacho: kutema miti, kutema kuni. Ntemi ndiye aliyetema pori kwanza. Wako wanaosema kwamba alitema mashauri, yaani alikata kesi; maana hizi mbili hazigombani. Basi uanzilishi hapa si kufika, ni kufyeka. Wala kufyeka si kazi ya mtu mmoja. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kazi chini ya kiongozi waliyemchagua wenyewe, nsumba ntale. Katika miaka ya 1920, Swynnerton alipopigana na mbung'o katika Shinyanga, mapori yalifyekwa kwa mikono ya Wasukuma maelfu kwa maelfu. Vitabuni limebaki jina la mkurugenzi. Kwa hiyo hata picha ya ntemi peke yake, na usinga wake mkononi, ingekuwa nusu ya kweli. Utemi uliondolewa na serikali mwaka 1963; mashamba yaliyofyekwa yangalipo, nayo yanalimwa pamba.

Na pamba ina waanzilishi wake pia. Kabla ya muungano wa vyama vya ushirika vya Ziwa kuundwa mwaka 1955, wakulima walioshuku mizani ya wanunuzi waliweka mizani yao wenyewe, wapime mzigo kwanza ndipo waupeleke sokoni. Sijui picha ifaayo ukuta wa hadhara kuliko hiyo: mizani, gunia, na mwanamke aliyelivuna akiusoma uzito kwa jicho lake mwenyewe.

Sasa tutazame namna ya kuchora, maana hapa ndipo wapambaji wengi hukosea. Wasukuma hawakungoja reli ili wajue picha za ukutani. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alitoa mwaka 1953 kitabu cha michoro ya chama cha wacheza nyoka, Buyeye. Michoro ile ilikuwa ndani ya nyumba ya chama, haikuwa ya wapita njia. Mwanachama mpya aliingizwa, akaonyeshwa, akafundishwa. Picha na mwalimu walikwenda pamoja. Daraja halina mwalimu. Picha iliyoko darajani hujisemea yenyewe au hunyamaza, na kwa hiyo yahitaji vitu ambavyo mtazamaji anavijua kwa mikono yake.

Bujora, karibu na Mwanza, walipata njia nyingine. Padre David Clement na wenzake Wasukuma, tangu miaka ya 1950, walijenga kanisa na makumbusho kwa maumbo ya nyumba na kiti cha mtemi, na uwanja ambamo Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Pale jengo lafundishwa na matumizi yake. Anayecheza haelezwi maana ya ngao, kwa sababu anaishika.

Stesheni za reli mpya, kwa upande wake, zimechagua usalama. Ile ya Dar es Salaam ina umbo la tanzanite, ya Morogoro yafuata milima ya Uluguru, na ya Dodoma vilima vyake vya mawe. Ni kazi nzuri za mkono stadi, nami huzipenda. Ila zote tatu zasifu mawe. Jiwe halina ukoo, halidai fidia, wala halimuulizi mchoraji kwa nini babu yake ameachwa. Simiyu wakichora watu, watakuwa wamethubutu zaidi ya miji mikubwa, na wajue watapata ugomvi. Ugomvi huo nauona afadhali kuliko mlima mmoja zaidi.

Limebaki jambo la mahali. Wapambaji hupenda ubavu wa daraja ulio juu, uonekane toka mbali. Lakini aliye ndani ya treni halioni daraja analovuka. Walionao ni wapitao chini: mchunga ng'ombe, mwenye baiskeli, mkokoteni wa pamba msimu wa mavuno. Picha na zichorwe huko chini, kwenye nguzo, kimo cha macho ya mtu aliyesimama na mzigo kichwani.