Walioingia Mwezini: Wimbo wa Wasichana wa Ituri katika Santuri ya Voyager na Suala la Majina

Utangulizi

Mhakiki anayetajiwa wimbo wa anga za juu hufikiria kwanza "Space Oddity" wa David Bowie, uliotoka Julai 1969, siku chache kabla ya binadamu kukanyaga mwezi. Uhakiki wa nyimbo za aina hiyo huuliza jinsi msanii aliyekuwa duniani alivyoiwaza anga. Makala haya yanauliza swali lililo jirani: wimbo unapopelekwa angani wenyewe, unakwenda kwa jina la nani? Wimbo unaojadiliwa haukutoka London. Ulitoka katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, ukaimbwa na wasichana wa Kimbuti. Una urefu wa sekunde 56 tu, na tangu 1977 umo safarini kwenye vyombo viwili vya Voyager.

Swali hili linaulizwa Gahanga kwa sababu maalumu. Sekta hii ya wilaya ya Kicukiro imekaa kando ya barabara itokayo Kigali, inayoteremka hadi mto Nyabarongo na kuvuka kwenda Bugesera, unakojengwa uwanja mpya wa ndege. Hapa nia ya nchi ya kutazama juu inaonekana kwa macho. Mwaka 2019 setilaiti ndogo ya Rwanda, RWASAT-1, ilirushwa kutoka Japani na kuachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Desemba 2022 Rwanda ikatia saini Makubaliano ya Artemis. Hoja ya makala haya ni kwamba nchi inayojifunza kurusha vyombo inapaswa kujifunza pia namna ya kuandika orodha ya vilivyomo ndani yake.

Chimbuko la wimbo

Wimbo huu ulirekodiwa na mwanaanthropolojia Colin Turnbull katika miaka ya 1950, na mazingira yake yameelezwa katika kitabu chake The Forest People cha 1961. Ni wimbo wa elima, sherehe ya wasichana waliovunja ungo. Kwa maelezo ya Turnbull, Wambuti hawaioni damu ya kwanza kuwa uchafu wa kufichwa. Humwona msichana kuwa amepata baraka ya mwezi, na kambi nzima hufurahi pamoja naye. Wasichana hukaa katika nyumba ya elima, hufundishwa na mwanamke mkubwa, na huimba.

Msomaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kulielewa jambo hili. Lugha yetu humsema mwanamke aliye katika siku zake kuwa ameingia mwezini. Basi kabla roketi yoyote haijaondoka, wasichana wa Ituri walikuwa wamekwisha kuingia mwezini kwa maana yao wenyewe, na wimbo wao ndio ushahidi. Kwa maana hiyo ni wimbo wa anga tangu asili yake, ingawa anga inayohusika ni ile inayohesabu siku za mwili.

Kiswahili kina nafasi nyingine katika chimbuko hili. Kingwana, Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kilikuwa lugha ya mawasiliano katika eneo la Ituri, na Turnbull alikitumia katika utafiti wake. Lugha yetu ilikuwa mkalimani mlangoni. Jambo hilo linatupa sehemu ya sifa, na linatupa pia sehemu ya wajibu.

Kwa upande wa sauti, sifa kuu ya uimbaji wa Wambuti ni wingi wa sauti zinazopokezana. Mmoja huacha pengo na mwingine hulijaza, na mstari wa wimbo hupatikana kwa kuunganisha vipande vya wote. Maneno ni machache. Irabu ndizo zinazobeba uzito. Mtu akimwondoa mwimbaji mmoja, wimbo hutoboka. Umbo hili litatusaidia tunapofika kwenye suala la umiliki.

Kuchaguliwa kwenda angani

Santuri ya Dhahabu ilitayarishwa na kamati ndogo chini ya Carl Sagan. Ina vipande 27 vya muziki na salamu katika lugha 55. Voyager 2 iliondoka tarehe 20 Agosti 1977, na Voyager 1 ikafuata tarehe 5 Septemba. Tangu Agosti 2012 Voyager 1 imo katika anga iliyo kati ya nyota.

Masimulizi ya waandaaji katika kitabu cha Murmurs of Earth (1978) yanaonyesha kwamba muziki wa kisasa ndio ulioleta mabishano. "Johnny B. Goode" wa Chuck Berry ulipingwa kwa hoja kwamba ni muziki wa vijana wasiokomaa, lakini ukabaki. "Here Comes the Sun" wa The Beatles, wimbo unaohusu jua, ulitakiwa lakini haukupanda; kwa maelezo ya Sagan, wanamuziki waliridhia ila hakimiliki haikuwa mikononi mwao. Timothy Ferris, aliyekuwa mtayarishaji wa santuri hiyo, amelipinga simulizi hilo baadaye. Hata hivyo, simulizi lenyewe linafundisha: wimbo wenye mwenyewe anayetambulika kisheria una uwezo wa kukataa safari. Wimbo usio na jina hauna mlango wa kubishwa.

Orodha na majina

Orodha ya muziki iliyochapishwa na NASA inastahili kusomwa kama matini. Chuck Berry ametajwa kuwa mtunzi na mwimbaji. Louis Armstrong, Blind Willie Johnson na Glenn Gould wametajwa. Valya Balkanska wa Bulgaria ametajwa, ingawa wimbo wake ni wa jadi. Kesarbai Kerkar wa India naye ametajwa. Tukifika Ituri, tunakuta jina la nchi wakati huo, Zaire, jina la kundi la watu kwa mujibu wa kimo chao, aina ya wimbo, na jina la aliyeshika kinasa sauti. Walioimba ndio pekee wasiokuwepo.

Haitoshi kuwalaumu Wamarekani. Neno letu "mbilikimo" limefanya kazi hiyohiyo kwa muda mrefu, na bado linapatikana katika vitabu vya shule bila maelezo. Mtu anayepimwa kimo kabla ya kuulizwa jina amekwisha kupangiwa nafasi yake katika orodha.

Pingamizi moja ni zito na lazima lijibiwe. Inaweza kusemwa kwamba wimbo wa elima ni mali ya jumuiya, hauna mtunzi, na kumtaja mtu mmoja kungeupotosha. Ni kweli kwamba hauna mtunzi mmoja. Lakini umbo lake tulilolieleza hapo juu linaonyesha kinyume cha kutokuwa na mtu: kila sauti ina pengo lake la kujaza. Umiliki wa pamoja si umiliki wa hakuna. Zanzibar inatoa mfano ulio karibu. Nyimbo za unyago nazo ni za pamoja, na zina mipaka ya nani azisikie. Hata hivyo Bi Kidude, somo wa unyago na mwimbaji wa taarabu aliyefariki Aprili 2013, alitambuliwa kwa jina lake hadi kwenye tuzo ya WOMEX ya 2005. Jadi haikupotea kwa sababu mwimbaji alitajwa.

Urithi wa baadaye

Kutokutajwa huku kulikuwa na mwendelezo katika muziki wa kibiashara. Mwaka 1973 Herbie Hancock alitoa toleo jipya la "Watermelon Man" lililoanza kwa kuiga mtindo wa filimbi na sauti wa Wababenzele wa Afrika ya Kati, uliojulikana kupitia rekodi za Simha Arom na Geneviève Taurelle. Mwaka 1994 Madonna alichukua kipande cha toleo hilo katika wimbo wake "Sanctuary". Steven Feld alilichambua suala hili mwaka 1996, akaonyesha jinsi sauti za msitu zinavyopita mkono hadi mkono huku faida ikibaki mbali na msitu. Hao si Wambuti, na si haki kuwachanganya; lakini njia iliyotumika ni ile ile.

Yapo pia ya kutia moyo. Uimbaji wa Waaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati ulitangazwa na UNESCO mwaka 2003. Mwaka 2017 Ozma Records ilipochapisha Santuri ya Dhahabu kwa umma, majina ya wanamuziki wawili wa Papua New Guinea, Pranis Pandang na Kumbui, yaliwekwa mahali pake, miaka 40 baada ya safari kuanza. Katika toleo hilo wimbo wetu umeandikwa kuwa wa Wambuti wa msitu wa Ituri. Hiyo ni hatua mbele: watu sasa wana jina lao. Wasichana bado hawana.

Hitimisho na mapendekezo

Tangu 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wimbo wa Ituri, basi, ni urithi wa raia wa jumuiya hii. Rwanda, iliyopata nafasi ya Intore katika orodha ya UNESCO mwaka 2024, inajua thamani ya kutambuliwa. Makala haya yanapendekeza mambo matatu.

Kwanza, taasisi za utamaduni za nchi wanachama ziandae daftari la pamoja la rekodi za nyanjani zilizofanywa katika eneo letu, likionyesha mwimbaji, mahali, lugha na masharti ya matumizi kabla ya jina la aliyerekodi. Pili, nakala zirudishwe kwa jumuiya zilizoimba wakati wazee wanaoweza kutambua sauti wangali hai. Waliokuwa wasichana katika miaka ya 1950 sasa ni bibi, kama wapo. Tatu, taasisi za anga, ikiwemo Wakala wa Anga wa Rwanda, zinapopeleka juu sauti, picha au takwimu za watu, ziambatanishe orodha yenye majina na idhini.

Miongoni mwa salamu 55 za Voyager imo ya Kiganda; ya Kiswahili haimo. Pengo hilo limekuwa likiwasikitisha wengi wetu katika mikutano kama huu. Lakini Kiswahili kilichozungumzwa Ituri kilikuwa na nafasi ya kuuliza swali dogo, "Unaitwa nani, binti?", na jibu likaandikwa. Salamu tuliyoikosa angani haiwezi kurudishwa. Swali hilo bado linaweza kuulizwa, Ituri na hapa Gahanga.