Dolomiti ya Lagoa Vermelha: Bakteria Walivyoingia Katika Somo la Mashapo

Dolomiti ni madini ya kabonati ambamo tabaka la kalsiamu na tabaka la magnesiamu hupishana kwa mpangilio maalumu. Mwamba wake umejaa katika milima ya kale, lakini bahari za leo haziutengenezi kwa wingi, ingawa maji yake yana viambato vyote na yameshiba kupita kiasi. Lynton Land, mwanajiolojia wa Marekani, aliacha myeyusho ulioshiba mara 1,000 katika nyuzi 25 za Selsiasi kwa miaka 32. Mwaka 1998 alitangaza kwamba hakupata dolomiti.

Kizuizi kikubwa ni maji yenyewe. Ioni ya magnesiamu huzingirwa na molekuli za maji zinazoishika kwa nguvu, na isipovuliwa maji hayo haiingii kwenye fuwele. Joto linalozidi nyuzi 100 huivua upesi, na kwa njia hiyo maabara hupata dolomiti bila taabu. Lililosumbua ni jinsi inavyojijenga katika tope la baridi.

Judith McKenzie, aliyekuwa mwanajiolojia katika chuo cha ETH Zurich, Uswisi, pamoja na mwanafunzi wake wa uzamivu, Crisogono Vasconcelos, walilitafuta jibu Lagoa Vermelha, ziwa dogo la pwani mashariki ya Rio de Janeiro. Maji yake yana chumvi nyingi kuliko bahari, na chini kuna tope jeusi lisilo na oksijeni, ambamo dolomiti inajijenga hata sasa. Wanasayansi wa mashapo walizoea kupima tope kama hilo na kuishia hapo. Hawa waliwachukua bakteria wake, wale wanaopumua salfeti badala ya oksijeni, wakawaotesha maabara kwenye nyuzi 4 kwa mwaka mzima. Dolomiti ikapatikana, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1995. Uamuzi huo wa kuotesha ndio uliobadilisha fani: tangu hapo, mchunguzi wa dolomiti alihitaji kujua kutunza bakteria sawasawa na kusoma tabaka za miamba.

Utaratibu wenyewe unaeleweka. Salfeti hushikamana na magnesiamu na kuizuia. Bakteria wakiitumia, magnesiamu huachiwa, kabonati huongezeka na uasidi hupungua. Ute wanaoutoa nao una kazi yake. Uchunguzi wa Tomaso Bontognali na wenzake katika wangwa wa Abu Dhabi, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha madini haya yakianzia ndani ya ute huo.

Pingamizi zito limehusu utambuzi wa fuwele. Mionzi ya eksirei huonyesha kama kalsiamu na magnesiamu zimepishana kweli au zimechanganyika tu. Mapitio ya Jay Gregg na wenzake ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa mazao mengi ya bakteria maabara hayakuwa na upishanaji huo, hivyo hayakustahili kuitwa dolomiti. Hoja hiyo ni ya haki.

Mwaka 2023, watafiti wa vyuo vikuu vya Michigan na Hokkaido waliikuza dolomiti bila kiumbe chochote, kwa kuyeyusha kasoro za fuwele tena na tena kwa mipigo ya miale ya elektroni. Bakteria, basi, ni njia mojawapo yenye ushahidi mzuri kwenye tope la ziwa na wangwa. Kwa milima mizima ya dolomiti, ushahidi wa kuwapa kazi yote bado hautoshi.