"Uvimbe" na "Mchochota"

Katika tafsiri za ripoti za uchunguzi wa dawa za mimea, si ajabu kusoma kwamba dawa fulani "imeponya uvimbe" wa panya. Tafsiri hii ina kasoro mbili.

Kwanza, "uvimbe" ni neno pana mno: hutajwa kwa mguu uliofura, na pia kwa uvimbe wa kizazi. Mchochota ni wekundu, joto, maumivu na kufura kwa pamoja, dalili nne alizozitaja Celsus wa Roma katika karne ya 1.

Pili, "imeponya" hupita ushahidi. Katika jaribio lililoelezwa na Winter na wenzake mwaka 1962, panya hupewa dawa kwanza, ndipo hudungwa wayoni karajinani, itokanayo na mwani mwekundu. Wayo hupimwa kwa saa chache, ukalinganishwa na wa panya wasiopewa dawa. Hapo hakuna aliyeponywa. Kufura kumezuiwa kwa kiasi tu.

Mgonjwa mwenye uvimbe wa kizazi akiisoma tafsiri hiyo, aweza kuahirisha kwenda hospitali. Basi na iandikwe: "dawa ilipunguza kufura kwa wayo wa panya uliotiwa mchochota." Maneno yameongezeka, lakini ukweli umehifadhiwa.