Serveri Moja kwa Hifadhidata Zote: Akiba Inayolipwa na Wengine

Bandugu, kuna shauri moja ma-informatisien wetu wanalipenda sana: kooperative ikiwa na hifadhidata tano (ma-baze, kama tunavyosema), ziwekwe zote kwenye serveri moja. Mashine moja ya kulipa, batri za mashine moja, mtu mmoja wa kuziangalia. Hapa Lubumbashi, umeme unavyokatika-katika, ile hesabu haiko ya kijinga. Mimi ni agronome, siko mtu wa kompyuta, lakini nimefanya kazi juu ya mashine za namna hiyo na ninaona hesabu imefanywa nusu.

Tuchukue PostgreSQL, programu ya bure yenye kutumiwa sana. Kila hifadhidata ina jina lake na data zake, kwa macho zimetengana. Lakini kumbukumbu ya mashine ni moja. Miunganisho nayo ni ya pamoja: usipogusa mpangilio wa mwanzo, ni 100 kwa zote. Daftari la mabadiliko, lile programu inaandika kabla ya kugusa data yenyewe, ni moja pia. Hifadhidata moja ikijaza diski, zote zinasimama. Na ukitaka kurudisha moja tu katika hali ya jana saa nne kwa kufuata lile daftari, huwezi kuichomoa pale pale. Unarudisha zote, ao unatayarisha mashine ingine pembeni, unatoa ile moja, ndipo unaileta. Wenye kuuza lile shauri hawasemi hiyo. Kila mpangaji ana chumba chake, sawa, lakini bomba la maji njo moja.

Katika kooperative moja ambako nilifanya kazi, malipo ya mahindi, stoki ya mbolea na uchunguzi wa mashamba vyote vilikuwa kwenye serveri moja. Mwezi wa kumi na moja mvua zinaanza, wakulima wanakuja kuchukua mbolea. Ni wakati ule ule ofisi inatoa ripoti kubwa ya mfadhili. Ripoti ikianza kupitia data za miaka yote, kwenye gishe skrini inazunguka tu. Mama ametoka kilomita 30 na baiskeli, anaambiwa: sisteme iko polepole, rudia kesho. Mwenye kuokoa dola za serveri ya pili hasimami katika ule mstari. Hiyo njo inaniudhi kuliko teknolojia yenyewe.

Kenya waliona jambo la karibu, kwa kipimo cha nchi nzima. Mwezi wa saba 2023, huduma za serikali zaidi ya 5,000 zilikuwa zimeletwa kwenye jukwaa moja, eCitizen. Likashambuliwa kwa wingi wa maombi ya uongo. Kikundi cha Anonymous Sudan kikasema ni chenyewe. Viza za mtandaoni zikakwama mpaka wageni wakaruhusiwa kuichukua wakisha kufika. Serikali ilisema data haikupotea, na kilichozibwa pale ni mlango, si hifadhidata. Hata hivyo watu wenye shida tofauti kabisa walikwama siku moja, juu mlango ulikuwa mmoja.

Sisemi kila hifadhidata ipewe mashine yake. Feza itatoka wapi? Mahindi na maharage yanaishi vizuri katika shamba moja. Lakini panda mikaratusi kando ya mahindi uone nani atakunywa maji. Orodha ya wanamemba na picha za mikutano zikae pamoja, hazisumbuani. Malipo yatoke. Kama haiwezekani, basi ripoti nzito zifanywe usiku, ao kwenye nakala iliyo kwenye mashine ingine. Kila hifadhidata iwekewe mpaka wa miunganisho, PostgreSQL inakubali hiyo kwa amri moja tu. Na tafazali, nakala ya akiba isilale kwenye mashine ile ile!

Wale kati yetu walio katika kamati za kooperative, kabla ya kusaini muulize yule fundi: ikibidi kurudisha malipo peke yake, siku ya mbolea, bantu wakiwa wamepanga mstari nje, itachukua saa ngapi, na ni nani atakuja kuifanya?