Vifaa vya Safari ya Miguu kwa Mtu Mrefu: Mwongozo wa Kuchagua, kutoka Ufuo wa Rumonge

Mtu wa mita 1.90 anapoingia sokoni kutafuta begi, hema na mfuko wa kulalia, anakutana na bidhaa zilizokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mifuko mingi ya kulalia ya saizi ya kawaida inamtosha mtu wa hadi mita 1.83 hivi, na mikeka ya povu mingi nayo inaishia hapo hapo. Ndiyo maana, kwa mrefu anayeanza, kifaa bora ni kile kinachomwenea, hata kama kuna kingine chepesi zaidi au chenye jina kubwa zaidi. Kikishamwenea ndipo aulize uzito, na bei ije mwisho. Anayeugeuza mpangilio huu hununua mara mbili.

Njia inataka nini

Ufuo wa Ziwa Tanganyika, hapa Rumonge nchini Burundi, uko mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo kuna joto, unyevu na mbu. Ukigeukia mashariki ukapanda kuelekea msitu wa hifadhi wa Bururi, utavuka mita 2,000. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo usiku wa kule juu huwa na baridi kuzidi wa ufuoni kwa nyuzi 7 au zaidi. Safari ya siku mbili tu inakupitisha katika hali zote mbili. Anayeanza atoke kati ya Juni na Agosti, kiangazi, mvua ikiwa adimu na njia ikiwa kavu. Akilala upande wa ziwa, aweke malazi yake mbali na maji, kwa sababu ya viboko na mamba.

Begi: pima mgongo

Urefu wa mtu hausemi urefu wa mgongo wake. Wako warefu wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na wako waliojengeka kinyume chake. Inamisha kichwa, upapase mfupa unaochomoza chini ya shingo. Kisha shika nyonga zako kwa juu, vidole gumba vikielekea nyuma, na mwenzako aweke alama katikati ya vidole hivyo. Apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka mfupa ule hadi alama hiyo, akifuata uti wa mgongo. Ukivuka sentimita 50, tafuta begi la saizi ndefu, au lile ambalo mikanda yake ya mabegani inaweza kupandishwa.

Begi nalo lipimwe: kutoka mikanda ya mabegani inaposhonewa hadi katikati ya mkanda wa kiunoni. Vipimo viwili vikikaribiana, lijaze. Omba mfuko wa mchele au maharage wa kilo 8, funga mkanda wa kiunoni kwanza, kisha tembea robo saa kati ya vibanda. Mkanda ukikaa juu ya mifupa ya nyonga na mabega yakabaki huru, begi ni lako. Mkanda ukipanda tumboni na mabega yakavutwa chini, begi ni fupi, na hakuna fundi atakayelirefusha likawa sawa. Liache hata kama linauzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa usiku mmoja au miwili, lita 40 hadi 50 zinatosha. Begi likiwa tupu lisivuke sana kilo 1.5. Yale makubwa yenye fremu ya chuma, yanayopatikana kwa wingi katika mitumba, huwa na kilo mbili na nusu au tatu kabla hujatia hata shati.

Kitambaa, mshono na zipu

Kitambaa chembamba si lazima kiwe dhaifu. Kitazame mbele ya mwanga: kikiwa na miraba midogo ya nyuzi nene, tundu likitoboka halitaendelea kuchanika upesi. Vuta mshono kwa mikono miwili. Nyuzi zikiachana ukaona mwanga, basi mzigo nao utaziachanisha. Sehemu ya kukagua kuliko zote ni pale mkanda wa bega unaposhonewa kwenye begi, kwa maana hapo ndipo uzito wote unaponing'inia. Ushonaji mzuri hurudiwa mara kadhaa mahali hapo.

Adui mkubwa wa hema na makoti ya mvua yaliyotumika ni kuoza kwa utando wa ndani wa kuzuia maji. Joto na unyevu huuozesha, na hema lililokaa miaka limefungwa linaweza kuonekana jipya kabisa kwa nje. Kwa hiyo lifungue lote. Nusa: harufu kali kama ya matapishi ni dalili ya kuoza. Sugua upande wa ndani kwa vidole: ukinata au ukibanduka kama magamba, hakuna dawa. Kisha mwaga kikombe cha maji juu yake, ungoje kidogo, upapase chini.

Zipu ifungue na uifunge mara kadhaa, ukianzia kwenye kona. Ikiachia nyuma ya kitelezi wakati meno yote yapo, kitelezi kimelegea. Koleo dogo linaweza kukibana, na hiyo ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Meno yaking'oka, achana nayo.

Malazi

Ongeza sentimita 25 kwenye urefu wako, ndio urefu wa chini wa hema kwa ndani. Mtu wa mita 1.90 ahitaji mita 2.15. Usiamini lebo: kuta za hema huinama, na kichwa kikigusa ukuta, umande utakulowesha. Ingia ulale mle mle sokoni. Muuzaji mwema hatakuzuia.

Ufuoni wakati wa kiangazi, turubai jepesi na chandarua vinaweza kuchukua nafasi ya hema, kwa uzito mdogo na fedha kidogo. Lakini chandarua kifupi ni hatari kwa mrefu. Mguu ukigusa wavu usiku kucha, mbu atauma kupitia matundu, na malaria ya ufuoni haina mzaha. Mpe fundi cherehani chandarua cha pili aunge kipande miguuni.

Mfuko wa kulalia wenye nyuzi za poliesta unafaa huku kuliko wa manyoya ya bata, ambao ukilowa hushikana mabonge na kupoteza joto. Ukiwa mfupi, fundi anaweza kuufungua mwisho na kuuongeza kwa blanketi jepesi. Mkeka wa povu usirefushwe: utoshe kuanzia kichwa hadi magoti, na miguu iwekwe juu ya begi tupu.

Viatu na gharama

Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kutembea, na uache nafasi ya kidole gumba mbele. Mwenye mguu mkubwa akikosa Rumonge, afike Bujumbura ajaribu soko la Ruvumera, kule Buyenzi. Kwenye viatu ndipo pa kutumia fedha nyingi, na begi lifuate.

Kwingine okoa. Chupa tupu ya maji ya lita 1.5 haifiki gramu 50. Kamba za nailoni za wavuvi zinafunga turubai vizuri. Wasafiri wa nchi nyingine hutandika mfuko wa plastiki ndani ya begi kuzuia mvua. Burundi ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa amri ya 2018, basi shonesha mfuko wa turubai jembamba. Kisha peleka kila kitu kwenye mizani ya wauza ndagala (dagaa). Bila chakula na maji, kilo 9 ni kikomo kizuri. Mrefu atabeba gramu kadhaa zaidi ya mfupi, na ni haki yake. Apunguze kwenye nguo za akiba na sufuria ya pili. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kitakaa mgongoni mwako.

Mwaka 1955, Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya Appalachian kule Marekani, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na mfuko alioushona mwenyewe, blanketi na pazia la plastiki la bafuni. Alijua mwili wake unahitaji nini, akabeba hicho tu. Ujuzi huo hauuzwi dukani. Pima mgongo wako wiki hii, andika namba hiyo kwenye karatasi, na usimlipe muuzaji yeyote kabla hujailinganisha na begi lake.